Runinga Haimnenepeshi Mtoto kwa Kumkalisha Tu

Kila mzazi wa Nairobi ninayezungumza naye kuhusu unene wa watoto ana jibu moja mdomoni: hawachezi. Wamekaa tu mbele ya runinga, wamekaa tu na simu, tukiwatoa nje mambo yatanyooka. Jibu hilo lina ukweli, na nitalirudia baadaye, lakini nimekuja kuamini kwamba linatufichia sehemu kubwa ya jambo lenyewe. Mtoto aliye mbele ya skrini hajakaa tu. Anasemeshwa. Upande wa pili yuko mtu mzima anayelipwa mshahara ili mtoto huyo atamani kitu fulani cha kula kabla mama hajainjika sufuria ya ugali, na mtu huyo anaijua kazi yake.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja wa miaka kumi na mwingine wa minne, na tunaishi mtaa wa Umoja, kwenye gorofa ambayo madirisha yake yanatazamana na madirisha ya gorofa nyingine. Nimesoma mengi kuhusu suala hili kwa sababu linanigusa nyumbani, na kwa sababu naona mazungumzo yetu yote yanavyoishia kwa kumlaumu mama. Mama hapiki. Mama anarudi saa mbili usiku. Mama amempa mtoto simu ili apate kupumua. Lawama hizo zinanichoma. Zinamweka mwanamke mmoja aliyechoka kwenye mizani dhidi ya kampuni zenye idara nzima za matangazo, halafu watu wanashangaa mizani imelalia wapi.

Kwanza niondoe shaka moja. Wapo wanaosema unene wa watoto ni shida ya Marekani, na kwamba Kenya bado inapambana na njaa. Ni kweli inapambana. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, huku waliozidi uzani wakiwa asilimia 3 tu. Ukiishia hapo utaona hakuna la kuzungumza. Lakini mfuate mtoto hadi shule ya msingi, hapa jijini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzao walipima watoto 563 wa miaka 9 hadi 11 katika shule za Nairobi, ikiwa sehemu ya utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 12. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa asilimia 20.8 ya watoto hao walikuwa na uzani uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Ni zaidi kidogo ya mmoja kati ya watano. Na hapo simu ya kisasa ilikuwa bado haijafika mikononi mwa watoto jinsi ilivyo sasa.

Utafiti huo wa nchi 12 ulionyesha jambo jingine ambalo sijaacha kulifikiria. Marekani, watoto wa wazazi waliosoma zaidi ndio wenye nafuu ya unene. Kenya ni kinyume: kadiri wazazi walivyosoma, ndivyo watoto walivyoelekea kunenepa. Mimi nalisoma hivi. Kwetu unene wa mtoto unapitia nyumba zenye runinga kubwa ukutani, king'amuzi kinacholipiwa kila mwezi, wifi, na hela ya matumizi ya shuleni. Hizo ndizo nyumba ambazo matangazo yanazifikia na ambazo zina pesa ya kuyaitikia. Kadiri simu na bando zinavyoshuka bei, njia hiyohiyo inafunguka hadi mitaa ya wenye kipato kidogo kama Kayole na Pipeline.

Sasa turudi kwenye swali la kukaa. Mwaka 1985, watafiti wawili wa Marekani, William Dietz na Steven Gortmaker, walichambua takwimu za maelfu ya watoto wa nchi yao wakaona kwamba miongoni mwa vijana wa miaka 12 hadi 17, kila saa moja zaidi ya runinga kwa siku iliambatana na ongezeko la asilimia 2 la walio wanene kupita kiasi. Hilo liliamsha watu, lakini mtu angeweza kupinga kwa haki: huenda watoto wanene ndio wanaopenda kukaa, na runinga haina kosa. Jibu lilihitaji jaribio. Thomas Robinson wa Chuo Kikuu cha Stanford alilifanya katika shule mbili za msingi huko San Jose, California, na kulichapisha mwaka 1999. Shule moja ilipewa masomo ya kupunguza runinga, video na michezo ya video. Nyingine haikupewa. Hakuna aliyefundishwa kula mboga, hakuna aliyeongezewa saa za mazoezi. Mwaka wa shule ulipokwisha, watoto wa shule ya kwanza walikuwa wameongezeka uzani kwa kasi ndogo kuliko wenzao, ukilinganisha na urefu wao. Runinga yenyewe, ikipunguzwa peke yake, ilibadilisha miili.

Wengi wanaosikia hayo wanaishia hapohapo, wanasema basi, ni kukaa. Ila kuna jaribio lililofuata ambalo naona lilistahili kuzungumzwa katika kila mkutano wa wazazi nchini. Leonard Epstein na wenzake wa Chuo Kikuu cha Buffalo walichukua watoto 70 wa miaka 4 hadi 7 waliokuwa tayari na uzani wa juu. Wakafunga kifaa kwenye runinga na kompyuta za nyumbani kilichohesabu muda wa kila mtoto, na kwa kundi moja muda ule ukapunguzwa hatua kwa hatua hadi nusu. Waliwafuatilia kwa miaka miwili. Watoto waliopunguziwa muda walipungua uzani kwa kulinganisha na umri na urefu wao, na watafiti walipotafuta sababu, hawakuikuta kwenye kukimbia. Watoto hawakuwa wameanza kucheza zaidi kwa kiasi cha kueleza tofauti hiyo. Walikuwa wamekula kidogo.

Naomba usome tena sentensi hiyo. Saa zile za skrini zilikuwa saa za kula na saa za kuamshiwa hamu ya kula.

Mwaka 2010, Frederick Zimmerman na Janice Bell wakaja na jambo lililonifungua macho zaidi. Walitenganisha aina za vipindi. Runinga yenye matangazo ya biashara iliambatana na unene wa watoto. Vipindi visivyo na matangazo, kama video za nyumbani na vya elimu, havikuambatana nao. Kochi ni lilelile, magoti yamekunjwa vilevile, mtoto ni yuleyule. Kilichobadilika ni kama kuna mtu anayemuuzia kitu au hakuna.

Nilikaa na wanangu Jumamosi moja asubuhi, nikiwa na kalamu na daftari, nitazame wanachotazama. Katuni yenyewe haikuwa na ubaya. Lakini kila ilipokatika, walikuja watoto wenye meno meupe wakiruka juu ya nyasi, na kila mmoja alikuwa na kitu mkononi: unga wa juisi wa rangi ya machungwa, biskuti yenye krimu, tambi za kuchemsha dakika mbili, soda kwenye meza ya familia ambayo baba yupo na anacheka. Hilo la baba lilinigusa. Wanachouziwa watoto wetu si sukari tupu, wanauziwa baba aliyerudi nyumbani mapema. Mwanangu mdogo hakuwa anatazama matangazo kama ninavyoyatazama mimi. Kwake yeye ilikuwa katuni moja ndefu. Na hilo si la mwanangu tu: jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilihitimisha mwaka 2004 kwamba watoto wa chini ya miaka minane hawana uwezo wa kutambua kwamba tangazo lina nia ya kuwashawishi. Wanalipokea kama habari ya kweli. Mtu mzima akimwambia mtoto wa miaka minne mtaani, "Njoo nikupe kitu kitamu, mama yako hajui," tungemwitia umati.

Na matangazo hayo hayangoji hadi siku ya kwenda dukani. Jennifer Harris na wenzake wa Yale walionyesha mwaka 2009 kwamba watoto wa shule ya msingi waliotazama katuni yenye matangazo ya vyakula, huku bakuli la vitafunio likiwa mbele yao, walikula asilimia 45 zaidi ya wenzao waliotazama katuni ileile yenye matangazo ya vitu vingine. Hawakuonyeshwa hata tangazo la kitafunio kile walichokuwa wanakila. Tangazo la chakula chochote linaamsha mkono, na mkono unachukua kilicho karibu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema, "Mimi sinunui hizo takataka, kwa hivyo mtoto wangu yuko salama." Atakula mkate zaidi. Atakula mandazi zaidi.

Dukani ndiko utaona masomo hayo yameingia kiasi gani. Mama yangu alipokuja kutoka kijijini, nilimtuma supamaketi ya hapa karibu na mjukuu wake, wanunue maziwa. Walirudi na maziwa, na pia mtindi wenye picha ya mnyama wa katuni, uliouzwa karibu mara mbili ya bei ya mtindi wa kawaida. Mama alishangaa kwa dhati. "Hajui kusoma," aliniambia, "lakini ameutoa kwenye friji kana kwamba umeandikwa jina lake." Nikamweleza kuhusu jaribio la mwaka 2007, lile la Robinson yuleyule wa Stanford. Watoto wa miaka mitatu hadi mitano walipewa vyakula viwili vinavyofanana kabisa, kimoja kwenye karatasi tupu, kingine kwenye karatasi ya McDonald's. Wengi walisema cha McDonald's ndicho kitamu. Hata karoti. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo wataalamu wengi hawaulizi: "Sasa mbona hawazifungi sukuma wiki hivyo?"

Kwa sababu hakuna kampuni itakayotajirika kwa sukuma wiki ya shilingi ishirini inayouzwa na mama mboga. Mama mboga hana bajeti ya runinga. Kwenye vita vya kuingia kichwani mwa mtoto, githeri na omena, nduma na maboga hazina wakili.

Halafu ikaja simu. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na watoto wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Miezi hiyo yote, simu ya mzazi iligeuka darasa, kiwanja na rafiki. Masomo yalipofunguliwa, simu haikurudi mfukoni. Kazi za nyumbani za mtaala mpya zinaihitaji, kikundi cha WhatsApp cha darasa kinaihitaji, na mtoto ameshajua njia ya kufika YouTube akiwa amefumba macho.

Kwenye runinga, walau tangazo lina mwanzo na mwisho. Mzazi aliye jikoni anausikia wimbo wake na anajua kinachoendelea. Kwenye simu, tangazo ni kipindi chenyewe. Mtoto wa nchi ya mbali anafungua mayai ya chokoleti, moja baada ya jingine, kwa sauti ya furaha isiyopungua. Kijana maarufu anacheza mchezo wa video huku pakiti ya krispsi imekaa pembeni, jina likitazama kamera. Timu ya Anna Coates ya Chuo Kikuu cha Liverpool iliwaonyesha watoto 176 wa miaka 9 hadi 11 kurasa za Instagram zilizotengenezwa kwa picha za watu wawili mashuhuri wa YouTube. Waliowaona watu hao wakiwa na vitafunio vya sukari na mafuta walikula nishati zaidi kwa asilimia 32 kutoka kwenye vitafunio vya aina hiyo kuliko walioonyeshwa vitu visivyo chakula. Hayo yalichapishwa mwaka 2019. Na waliowaona mashuhuri haohao wakiwa na matunda na mboga hawakula matunda na mboga zaidi. Matokeo hayo yalinisikitisha kuliko yote niliyoyataja, maana yanawajibu wale wanaosema tuwatengenezee watoto video za kusifu ndizi tu, basi.

Kuna tabia moja ya Nairobi ambayo lazima niitaje, na ninaitaja kwa heshima kwa sababu najua inakotoka. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anakataa kula. Dada wa nyumbani amepewa maagizo: uji uishe. Anaiegemeza simu kwenye kikombe, anaweka wimbo wa watoto, na mdomo unafunguka wenyewe. Kijiko kinaingia, macho hayajatoka kwenye skrini. Uji unaisha na kila mtu anapumua. Lakini mtoto yule alikuwa na chombo cha thamani mwilini mwake, ule uwezo wa kugeuza uso na kusema kwa namna yake kwamba ametosheka, na tunamfundisha asiusikie. Watafiti waliokusanya majaribio 24 kuhusu kula huku umakini ukiwa kwingine, walionyesha mwaka 2013 kwamba watu hula zaidi palepale, na baadaye siku hiyohiyo hula zaidi tena, maana ubongo haukukiweka kumbukumbuni chakula kile. Hao walikuwa watu wazima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndiyo bora.

Nimeongea na dada anayenisaidia kazi kuhusu hili, na yeye ndiye aliyenipa suluhisho lililofaa nyumba yetu. Alisema, "Mama, ukiniruhusu akatae, mimi sitaweka simu." Basi sasa mtoto ana ruhusa ya kukataa. Asipokula saa saba, atakula saa kumi. Simu ilikuwa inalinda hofu yangu ya sufuria iliyobaki na kitu.

Usingizi nitaupitia haraka, ingawa si mdogo. Mwanga wa skrini usiku unachelewesha homoni ya kulala, video inayofuata inajifungua yenyewe, na mtoto anayesubiri basi la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri hana pa kuufidia usingizi aliokosa. Mtoto asiyelala vya kutosha huamka na njaa ya vitu vitamu. Nyumbani kwetu simu zinalala sebuleni, zetu pia.

Nilisema nitarudi kwenye kucheza. Wale watafiti wa Nairobi walipata kwamba ni asilimia 12.6 tu ya watoto waliowapima ndio waliofikisha saa moja ya mazoezi kwa siku inayopendekezwa. Ni aibu kwa jiji, na sitaki mtu adhani nalipuuza. Ila tunapowaambia watoto watoke nje, tuwaambie pia nje ni wapi. Mimi nilikulia wakati ambapo kati, blada na brikicho zilichezwa hadi giza liingie, uwanjani palepale mtaani. Mahali hapo leo pana gorofa ya orofa saba. Watoto wa ploti yetu wanakatazwa kukimbia kwenye ngazi, wanakatazwa paani kwa sababu kuna nguo na matangi ya maji, na barabarani kuna bodaboda. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walipoandamana kuudai uwanja wao wa michezo uliokuwa umenyakuliwa, polisi waliwarushia vitoa machozi. Nchi nzima iliona picha zile, na uwanja ule ukarudishwa, lakini viwanja vingapi vilikwenda bila kamera? Kwa hivyo runinga na simu zimejaza nafasi iliyoachwa wazi. Mtoto hakuikimbia bustani akaja sebuleni.

Kuna jambo jingine ninalolisema kwa mapenzi kwa wazee wetu. Kwa kizazi cha mama yangu, mtoto mnene ni ushahidi kwamba nyumba hiyo haikulala njaa, na ukizingatia miaka waliyoipitia, sina haki ya kuwacheka. Tatizo ni kwamba mtoto huyohuyo akifika darasani anaitwa kibonge, anaachwa nje ya timu, anajificha chooni wakati wa michezo, na akirudi nyumbani anafarijiwa na kilekile alichokiona kwenye skrini. Tukizungumzia unene, tafadhali, mtoto asisikie kwamba mwili wake ni kosa alilolitenda. Punguza skrini kwa nyumba nzima. Badilisha chakula cha nyumba nzima. Usimtenge mmoja mezani ukampa sahani ndogo huku wengine wakitazama.

Na bado, hata nyumba yenye nidhamu kama jeshi haiwezi kushinda peke yake, kwa hivyo nataka tuzungumze sheria. Nasikia kila mara kwamba serikali haiwezi kuingilia matangazo, kwamba ni uhuru wa biashara. Lakini Kenya imekwisha kuingilia. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 iliondoa matangazo ya sigara. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu vibadala vya maziwa ya mama inakataza kampuni kutangaza maziwa ya unga ya watoto wachanga, kwa sababu tulikubaliana kama taifa kwamba mama aliyejifungua hapaswi kushawishiwa na muuzaji. Mtoto analindwa dhidi ya tangazo akiwa kwenye titi. Akiachishwa tu, anaachwa mikononi mwa wauzaji.

Katiba yenyewe ya 2010 imetupa mahali pa kusimama. Ibara ya 46 inaliagiza Bunge kutunga sheria ya kumlinda mtumiaji na kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na ya staha. Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi na afya. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano nazo zinataka vipindi vinavyorushwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku viwe vya kutazamwa na familia nzima. Ukuta upo tayari. Ninachoomba ni tofali moja zaidi: matangazo ya vyakula na vinywaji vilivyojaa sukari, chumvi na mafuta yasipite katika saa hizo.

Wengine wamefanya. Jimbo la Quebec, Canada, limepiga marufuku matangazo ya biashara yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 13 tangu 1980, na kampuni moja ya vitu vya kuchezea ilipoipinga sheria hiyo, Mahakama ya Juu ya Canada iliitetea mwaka 1989. Chile ilianza mwaka 2016 kuweka alama nyeusi za pembe nane kwenye vyakula vya aina hiyo, ikazuia matangazo yake kwa watoto, na vikaragosi vikaondolewa kwenye maboksi ya nafaka za asubuhi. Ununuzi wa vinywaji vilivyobeba alama hizo ulishuka kwa karibu asilimia 24. Ni mchanganyiko wa hatua, siyo marufuku ya matangazo peke yake, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Uingereza, kuanzia tarehe 5 Januari 2026, imezuia matangazo ya vyakula vya aina hiyo kwenye runinga kabla ya saa tatu usiku, na yale ya kulipiwa mtandaoni saa zote. Shirika la Afya Duniani limekuwa likizihimiza nchi wanachama kufanya hivyo tangu 2010.

Wakati Bunge likijivuta, sisi wazazi tumeanza na kilicho karibu. Ubao wenye jina la shule anakosoma mwanangu mkubwa umepakwa rangi na nembo ya kampuni ya soda, kwa hivyo mtoto hujifunza kulisoma jina la shule na la soda siku moja. Wazazi kadhaa tuliandika barua kwa bodi ya shule. Tuliomba ubao ubadilishwe, kantini iuze ndizi, njugu na mahindi ya kuchemsha, na siku ya michezo isidhaminiwe na wauza peremende. Njugu zimeingia kantini tayari. Kuhusu udhamini, bodi bado inajadili. Kuhusu ubao, mwalimu mkuu alitujibu kwa upole kwamba kampuni iliuchora bure, na rangi ni ghali. Lilikuwa jibu la haki. Tumeanza kuchanga pesa za rangi, na baba mmoja mwenye mtoto gredi ya tatu, ambaye ni fundi wa mabango, amesema kazi ya mikono atatoa yeye.